Duara libaki duara: shajara ya kurudisha TV za chogo darasani

Jumamosi, stoo ya shule

TV ziko nne, zote za chogo: tatu za inchi 21 na moja ya inchi 14. Shule ni sekondari ya kata wilayani Muheza. Projekta yao moja imekufa taa, na bei ya taa mpya haiko mbali na bei ya projekta iliyotumika. Mkuu wa shule ameniomba niangalie kama TV hizi zinaweza kubeba masomo ya video ya hesabu, fizikia na biolojia mpaka fedha zipatikane.

Nimezifuta vumbi na kuziwasha moja moja. Zote zinawaka, rangi ipo, sauti ipo. Mzee anayetunza stoo anasema zililetwa kipindi ambacho antena ya kawaida bado ilikuwa inashika matangazo, kabla ya ving'amuzi. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa nchini tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na baada ya hapo hazikuwashwa tena. Zimetunzwa vizuri sana, zimefunikwa mashuka.

Mwalimu wa hesabu alileta kompyuta mpakato yake. Tuliiunganisha kwa kile kiboksi kidogo cha kubadilisha HDMI kwenda AV kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu: upande mmoja HDMI, upande wa pili matundu matatu, njano, nyeupe na nyekundu, na umeme wake ni wa USB wa volti 5. Picha ikaja mara moja. Video ilikuwa ya nadharia za duara, Kidato cha Tatu. Mwalimu akasogea karibu na kioo, akatazama, akasema: "Fundi, hili duara mbona limekuwa yai?"

Ana haki ya kuuliza. Mada yenyewe inamfundisha mwanafunzi kuwa pembe iliyo ndani ya nusu duara ni nyuzi 90. Picha ikibanwa kutoka kando, duara si duara tena na pembe ile si 90 tena. Mwanafunzi mwenye protrakta akiipima kwenye kioo atapata jibu linalopingana na mwalimu wake. Kwa filamu ya usiku nyumbani watu huvumilia sura nyembamba, macho huzoea. Kwa somo la jiometri haivumiliki.

Kwa hiyo lengo la mradi ni hili: picha yoyote pana itakayoingia kwenye TV hizi itoke na umbo lake halisi, na mwalimu yeyote aweze kuiwasha bila kuniita.

Jumapili, hesabu kabla ya waya

Kioo cha TV ya chogo kina uwiano wa 4:3, yaani kila sehemu nne za upana zina sehemu tatu za kimo. Uwiano huu una umri mkubwa. Ulitoka kwenye filamu ya milimita 35 iliyotengenezwa katika maabara ya Edison miaka ya 1890, William Dickson alipoamua kila picha ichukue matundu manne ya filamu. Sinema ilikaa karibu na umbo hilo kwa miongo kadhaa, na televisheni ilipokuja ikalirithi. TV ilipoanza kuwavuta watazamaji wabaki nyumbani, sinema ikatanua picha ili iwe na kitu ambacho TV haina; CinemaScope ilianza 1953, na picha yake ilikuwa pana zaidi ya mara mbili ya kimo chake.

Uwiano wa 16:9 tulio nao sasa kwenye TV bapa, simu na kompyuta ulipendekezwa miaka ya 1980 na mhandisi wa Marekani, Kerns Powers. Alichora mistatili ya maumbo yote yaliyokuwa yakitumika, yote ikiwa na eneo sawa, akaipanga juu ya kitovu kimoja. Mstatili unaoizunguka yote kwa nje, na ule unaoenea ndani ya yote, ulikuwa na umbo moja: takriban 1.77, yaani upana ukigawanywa kwa kimo. Ndiyo 16:9. Hata hesabu yake inafurahisha: chukua 1.33 ya TV, zidisha kwa 2.35 ya sinema pana, tafuta kipeuo cha pili, unafika hapo hapo. Nimemwandikia mwalimu jambo hili kwenye karatasi, maana linafaa kuwa swali la darasani.

Sasa kwa TV zetu. PAL, mfumo wa picha unaotumiwa na TV hizi, una mistari 625 kwa kila picha, na 576 ndiyo yenye picha. Ukitaka picha ya 16:9 ikae yote ndani ya kioo cha 4:3 bila kubanwa, inatumia robo tatu ya kimo: 576 mara 0.75 ni mistari 432. Mistari 144 inabaki mitupu, 72 juu na 72 chini. Hiyo ndiyo mikanda myeusi ambayo watu wengi hudhani ni ubovu wa TV. Filamu pana sana ya 2.4 inabakiwa na mistari 320 tu.

Kwa sentimita: TV ya inchi 21 ina ulalo unaoonekana wa kama sentimita 51, hivyo upana wake ni kama 41 na kimo kama 31. Picha ya 16:9 ndani yake itakuwa na kimo cha sentimita 23. Kwa darasa hiyo ni ndogo. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo litakaloleta ubishi.

Njia ziko tatu tu, na kila kifaa duniani huchagua mojawapo. Ya kwanza, kuonyesha picha yote na kuacha mikanda myeusi. Ya pili, kujaza kioo kwa kukata kando, ambapo robo ya upana hupotea, asilimia 12.5 kila upande. Ya tatu, kujaza kioo kwa kubana. Kiboksi chetu kimechagua ya tatu.

Jumatatu jioni, kupima

Nimetengeneza picha ya majaribio ya 1920×1080 yenye duara katikati, mstari wa fremu ukingoni kabisa, na mistari mingine kila asilimia 5 kwenda ndani. Kupitia kiboksi, duara lilikuwa na kimo cha sentimita 24 na upana wa 18. Yaani robo tatu kamili. Namba hiyo inatuambia kuwa TV haina kosa na waya hazina kosa. Kiboksi kinachukua pikseli 1920 za upana, kinaziminya ziingie kwenye mstari mmoja wa TV, kisha kinachukua mistari 1080 na kuipunguza iwe 576. Hakiulizi mwisho wa waya kuna kioo cha umbo gani.

Kina swichi moja ya kuchagua PAL au NTSC, mfumo mwingine wa picha za TV. Watu wengi huigeuza wakitumaini itanyoosha sura. Haitanyoosha. NTSC ina mistari 480 yenye picha badala ya 576, umbo linabaki lile lile la kubanwa, na kwenye TV isiyojua NTSC picha hugeuka nyeusi na nyeupe. Nimeiacha kwenye PAL na kuibandika gundi ya karatasi.

Kabla ya kulaumu chanzo chote nilitaka pia kuzihakiki TV zenyewe. Nilichoma DVD yenye duara la 4:3 nikaipitisha kwenye deki. TV mbili za inchi 21 zilitoa duara safi. Ya tatu ilitoa duara lililolala, kimo kimepungua kidogo kuliko upana. Hiyo ni kazi ya ndani ya TV, nitaifanya siku nitakapokuwa na muda wa kutosha na mtu wa pili pembeni.

Mistari ya asilimia 5 nayo ilifundisha kitu. TV ya chogo hupanua picha kupita ukingo wa kioo kwa makusudi, ili umeme ukishuka na picha kusinyaa pembeni pasionekane weusi. Kwenye TV zetu mstari wa ukingoni hauonekani kabisa, na ule wa asilimia 5 unaonekana upande mmoja na kupotea upande mwingine. Maandishi yaliyo karibu na ukingo yanamezwa. Ndiyo maana watangazaji wa zamani waliweka maandishi yote ndani kabisa, mbali na kingo, na ndiyo maana habari zinazopita chini ya kioo siku hizi hukatwa kwenye TV za chogo majumbani.

Jumatano, njia ya kompyuta

Njia fupi imepatikana. Kama kiboksi kinanyoosha chochote kinachopewa ili kijaze kioo, basi kipewe picha ambayo tayari ni 4:3. Nimeiambia kompyuta itoe 1024×768 badala ya 1920×1080. Kwenye Linux ni mstari mmoja:

xrandr --output HDMI-1 --mode 1024x768

Kwenye Windows ni kwenye mipangilio ya skrini, unachagua skrini ya pili na kubadili vipimo vyake. Kiboksi hiki kilikubali. Sasa VLC, programu ya kuchezea video, inaona skrini yenye umbo la 4:3, inaiweka video ya 16:9 kwenye pikseli 1024×576 na kuacha safu 96 nyeusi juu na 96 chini. Kiboksi kinabana na kupanua, lakini kwa uwiano ule ule wa kioo, kwa hiyo umbo halipotei. Nilipima: sentimita 18 kwa 18. Duara.

Mwalimu wa hesabu alichukua rula akapima mwenyewe, kwa ulalo pia. Nilipenda hilo.

Kuna jambo ambalo kila anayetumia VLC alijue. Herufi A kwenye kibodi hubadili uwiano, na herufi C hukata picha. Mtu akigusa A kwa bahati mbaya, kazi yote hii inaharibika na hatajua kwa nini. Nimeandika kwenye kadi: picha ikibadilika umbo ghafla, bonyeza A mpaka uone imerudi kwenye hali ya kawaida.

Njia hii inatosha kwa mwalimu mwenye kompyuta. Lakini walimu wengi hapa video zao ziko kwenye simu na flashi. Simu ukiiunganisha na HDMI hutoa 16:9, na hakuna pa kuibadili. Kwa hao tunahitaji njia nyingine.

Alhamisi, deki

Shule ina deki mbili za DVD zenye tundu la USB. Kwenye menyu yake, sehemu ya aina ya TV, kuna chaguo tatu: 4:3 PS, 4:3 LB na 16:9. Zote mbili zilikuwa kwenye 16:9, yaani deki iliambiwa kwamba mbele yake kuna TV pana.

Ni vizuri kueleza kinachotokea ndani. DVD ya filamu pana huhifadhi picha ya pikseli 720×576, ile ile ya filamu ya 4:3, ila picha imebanwa kwa upana na kuwekewa alama inayosema "mimi ni 16:9". Ukichagua 16:9 deki inaitoa kama ilivyo na kuiachia TV kazi ya kuitanua. TV ya chogo haiwezi kuitanua, basi watu wanakuwa warefu wembamba. Ukichagua 4:3 LB deki yenyewe inageuza kila mistari minne kuwa mitatu, inapata 432, na kuongeza mikanda myeusi. Ukichagua 4:3 PS inakata kando.

Nimeziweka zote mbili kwenye 4:3 LB, na PAL. Kwa diski halisi tatizo limekwisha. Hili halikuhitaji kifaa wala fedha, na naamini nyumba nyingi zenye TV za chogo zinaishi na picha ya kubanwa kwa sababu tu hakuna aliyefungua menyu hiyo. Ving'amuzi ni hivyo hivyo: kwenye mipangilio ya picha kuna uwiano wa skrini, na kilichotoka dukani kimewekwa 16:9. Mzee wa stoo alipoona nilivyofanya aliniuliza, "Na kile cha kwangu nyumbani kitakubali hivyo hivyo?" Nikamjibu, "Kitakubali, mzee wangu, ni chaguo lile lile kwenye remoti." Nyongeza ya Ijumaa: leo amenisalimu kwa furaha: mtangazaji wa habari amerudi kuwa na uso wa kawaida.

Kwa flashi mambo ni magumu zaidi. Deki hizi hazisomi MP4 za kisasa kabisa. Mwisho wao ni MPEG-2 na AVI za zamani za hadi 720×576. Tena kwa faili za USB, deki moja inafuata chaguo la LB na nyingine inalipuuza. Siwezi kujenga darasa juu ya kifaa kinachotii leo na kukataa kesho. Uamuzi wangu ni kuweka mikanda myeusi ndani ya faili lenyewe. Faili likishakuwa la 4:3 kamili, kila deki italitoa lilivyo.

Mwisho wa wiki, kugeuza faili

Programu ni ffmpeg, ya bure. Amri tunayotumia kwa video za 16:9:

ffmpeg -i somo.mp4 -vf "scale=720:432,pad=720:576:0:72" -aspect 4:3 -target pal-dvd somo.mpg

Inasomeka hivi: punguza picha iwe 720 kwa 432, iweke kwenye turubai nyeusi ya 720 kwa 576 ikianzia mstari wa 72, tangaza kwamba jumla ni 4:3, toa faili la mtindo wa DVD ya PAL. Atakayepiga hesabu ataona 720 kwa 576 si 4:3, ni 5:4. Ni kweli, na hakuna kosa. Pikseli za DVD si mraba. Kwenye PAL ya 4:3 kila moja ni pana kidogo kuliko kimo chake, 16 kwa 15. Hapa ndipo wengi hupotea: wanahesabu pikseli kana kwamba zote ni mraba, wanapata picha inayokaribia kuwa sawa, na duara linabaki na kasoro ambayo jicho linaihisi bila kuitaja.

Kwa sababu ya kingo zinazomezwa, nilitengeneza amri ya pili inayoiingiza picha ndani kwa asilimia 10:

ffmpeg -i somo.mp4 -vf "scale=648:388,pad=720:576:36:94" -aspect 4:3 -target pal-dvd somo.mpg

Hii ndiyo tunayotumia kwa video zenye maandishi kando. Namba zote ni shufwa kwa makusudi, maana rangi kwenye video hizi huhifadhiwa kwa jozi za pikseli na mistari, na namba witiri huleta mvurugano pembezoni.

Ukubwa wa faili: mtindo wa DVD hapa unatumia kama megabaiti 45 kwa dakika. Somo la dakika 20 ni karibu megabaiti 900. Flashi ya gigabaiti 16 inabeba masomo ya wiki bila shida. Video nyingi za mtandaoni zina fremu 30 kwa sekunde na PAL ina 25, hivyo fremu moja katika kila sita inaachwa. Kwa mwalimu anayechora ubaoni haionekani. Kwa video ya pendulo ya fizikia inaonekana kidogo, mruko mdogo mpira ukipita katikati. Nimekubali.

Jumatatu, ubishi wa mikanda myeusi

Kama nilivyotarajia. Mwalimu wa biolojia alipoona video ya moyo yenye mikanda juu na chini alisema tumepoteza kioo. "Wanafunzi wa nyuma hawataona. Si ujaze tu?" Hoja yake ni nzito. Sentimita 23 za kimo kwa darasa zima ni kidogo, na kila sentimita ina thamani.

Basi tukajaribu pamoja. Kwanza tulikata kando ili ijae. Moyo ukawa mkubwa na mzuri, lakini majina ya mishipa yalikuwa yameandikwa pembeni ya mchoro, na nusu yake ikapotea. Aota ilibaki na herufi mbili za mwisho. Mwalimu mwenyewe alitikisa kichwa.

Kisha nikamwonyesha njia ya katikati. Uingereza ilipokuwa ikihama kutoka 4:3 kwenda 16:9, BBC walitumia 14:9 kwa watazamaji waliokuwa bado na TV za zamani. Unakata kidogo kando, unaacha mikanda myembamba juu na chini, na wapiga picha huelekezwa kuweka mambo muhimu ndani ya eneo hilo. Kwa hesabu: unabakiza sehemu saba za upana kati ya nane, na picha inapata mistari kama 494 badala ya 432. Amri yake kwetu:

ffmpeg -i somo.mp4 -vf "crop=iw*7/8:ih,scale=720:496,pad=720:576:0:40" -aspect 4:3 -target pal-dvd somo.mpg

Nimetumia 496 ili mkanda uwe mistari 40 kamili; tofauti ya mistari miwili kwenye umbo haifiki nusu ya asilimia. Kwenye kioo, kimo kinapanda kutoka sentimita 23 hadi kama 26. Kwa video ya mwalimu aliyesimama ubaoni katikati ya picha, hii inapendeza sana. Kwa mchoro wenye maelezo pembeni, bado inauma herufi.

Tumekubaliana kanuni ya shule. Video yenye mtu anayezungumza na vitendo vya katikati inakwenda 14:9. Video yenye michoro, jedwali, grafu au ramani inabaki nzima, na wanafunzi wa nyuma wanasogezwa mbele au darasa linagawanywa kwenye TV mbili. Kubana hakuruhusiwi kwa video yoyote. Nililishikilia hili la mwisho na sitalilegeza. Mikanda myeusi inampunguzia mwanafunzi ukubwa, kukata kunampunguzia kingo, na vyote viwili anaviona na anaweza kuuliza. Picha iliyobanwa inampa kipimo cha uongo bila yeye kujua: seli ya damu inakuwa ndefu, mteremko wa grafu unakuwa mkali kuliko ulivyo, mraba unakuwa mstatili. Hana namna ya kushtuka, kwa sababu kitu hicho ndiyo mara yake ya kwanza kukiona.

Jumatano, TV ya tatu

Leo nimefungua ile TV yenye duara lililolala. Ilichomolewa tangu jana, na bado kabla ya kugusa chochote nilitoa chaji kwenye bomba la picha. Nyuma ya TV ya chogo ya inchi 21 kuna volti zaidi ya 20,000 ikiwa imewaka, na bomba lenyewe huhifadhi chaji muda mrefu baada ya kuzimwa. Kazi hii ni ya fundi aliyefundishwa. Nimewaambia walimu na wanafunzi wazi: mfuniko wa nyuma haufunguliwi na mtu yeyote shuleni, hata ikiwa imechomolewa.

Marekebisho yenyewe ni madogo. Kwenye bodi kuna potenshiomita, kirekebishi kidogo cha kuzungusha, iliyoandikwa V-SIZE, inayotawala kimo cha picha. Nilitumia bisibisi ya plastiki, picha ya duara ikiwa kiooni na kioo cha kujitazamia kikiwa mbele ya TV, mpaka duara likakaa sawa. Risasi zilizopasuka kwenye miguu ya saketi ya kimo nimezilehemu upya, na huenda ndizo zilizokuwa zikilegeza picha.

Potenshiomita hiyo hiyo inaweza kupunguza kimo cha picha yote hadi robo tatu, kisha deki ikawekwa 16:9. Mistari yote 576 ingesongana ndani ya zile sentimita 23, na picha pana ingekuwa kali kuliko ya LB, maana hakuna mstari uliotupwa. Baadhi ya TV za Sony za miaka ya mwisho ya chogo zilikuwa na chaguo hilo kwenye menyu. Zetu hazina, na kuifunga TV ya shule kwenye umbo moja kungeharibu video za zamani za 4:3, ambazo maktaba inazo nyingi. Nimeiacha.

Ijumaa, Raspberry Pi kwenye kabati

Kwa TV ya maktaba nimefunga Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya bodi moja, niliyokuwa nayo. Tundu lake la sauti la milimita 3.5 hutoa pia picha ya AV, bila kiboksi chochote. Waya ndiyo inahitaji umakini. Ncha ya jeki ni sauti ya kushoto, pete ya kwanza sauti ya kulia, pete ya pili ni ardhi, na shina ni picha. Waya nyingi za kamera zimebadilishana ardhi na picha, zinafanana kwa macho na hazifanyi kazi. Pima kwa mita kabla ya kununua.

Kwenye faili la config.txt, kwa toleo la zamani la mfumo wake, mistari inayohusika ni miwili:

sdtv_mode=2
sdtv_aspect=1

Mbili ni PAL, na moja ni 4:3. Hapo kifaa kinajua umbo la kioo kilicho mbele yake, na kila video inapangwa ipasavyo bila kugeuza faili. Mwalimu anachomeka flashi, anachagua somo. Kama fedha zingekuwepo ningefunga hivi kwa TV zote.

Jumatatu, darasani

Kipindi cha kwanza cha duara kimeonyeshwa Kidato cha Tatu kwenye TV mbili, deki moja ikigawa picha kwa waya za njano. Mwalimu alisimamisha video kwenye nusu duara, akamwita mwanafunzi na protrakta kubwa ya ubaoni. Nyuzi 90. Kioo cha chogo kina mbinuko kidogo kwa hiyo usomaji wa pembezoni unayumba, lakini katikati unakaa.

Kadi zimebandikwa kwenye kila TV, kwa maneno machache: deki ni 4:3 LB, kompyuta ni 1024×768, flashi ni faili zilizogeuzwa tu, ukiwa na shaka, weka picha ya duara kwanza. Picha hiyo iko kwenye kila flashi, faili la kwanza kabisa.

Kilichobaki ni TV ya inchi 14. Haina tundu la AV, ina la antena tu, hivyo inahitaji moduleta ya kugeuza picha ya deki kuwa chaneli. Niliyoijaribu ilileta picha nzuri bila sauti: yenyewe imewekwa kwenye mfumo wenye sauti ya megahezi 6, na TV inasubiri 5.5. Nimeagiza yenye swichi ya kuchagua. Ikifika nitaipima kwa duara lile lile, kisha itakwenda chumba cha walimu.